Miezi minne na jiko la induksheni, Mombasa

Jiko hili la wati 2000 lilizikataa sufuria zangu zote za alumini siku ya kwanza, kwa kuwa uga wake wa sumaku hupasha moto vyombo vinavyonatwa na sumaku tu. Basi ukienda kununua sufuria, chukua kisumaku ukibandike kitakoni mwake. Wali wa nazi huiva vizuri kwa moto mdogo, na jikoni hakuna fukuto la gesi, jambo ambalo mkaazi wa Mombasa atalithamini sana mwezi wa Februari.

Linalonitia wasiwasi ni umeme. Kwa volti 240 jiko hili huvuta zaidi ya ampea 8, nami wiki ya kwanza nililichomeka kwenye ekstensheni nyembamba, hata plagi ikawa haishikiki kwa moto na plastiki ikaanza kunuka. Sasa nalichomeka moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani, wala sitandiki kitambaa chini yake, maana kitaziba feni inayolipoza jiko kwa chini.

Kioo nacho hubaki na joto la sufuria baada ya kuzima, kwa hivyo watoto wasikiguse. Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo amwulize daktari wake kwanza, kwa ajili ya ule uga wa sumaku. Kijitabu cha maelezo kililitaja jambo hilo kwa maandishi madogo mno.