Vijiti vya kupimia mkojo nyumbani: nyota tatu kati ya tano

Mimi ni mgonjwa wa presha, na mkojo wangu ulikuwa umeanza kutoa povu lisilokufa. Sisemi vile viputo vikubwa vya mkojo ulioshuka kwa kasi, ambavyo hupasuka kabla hujafunga suruali. Hili ni povu jeupe, laini, limetanda juu ya maji ya choo, ukivuta maji mara moja bado lipo. Povu la namna hiyo linaweza kuwa dalili ya protini inayovuja kwenye figo, ndipo nikanunua chupa ya vijiti vya kupimia mkojo, vile vyenye viraka kumi vya rangi.

Kabla ya kununua, kojolea kwenye chombo safi kikavu uone kama povu bado linakuja. Dawa ya kusafishia choo imewatia watu wengi hofu ya bure.

Kupima kwenyewe ni rahisi. Unachovya, unakung'uta, unashika kijiti kikiwa kimelala ili rangi zisichanganyike. Kiraka cha protini ni cha njano; kikikutana na albumini, ile protini ya damu ambayo figo nzima haiiachii ipite ovyo, hugeuka kijani. Kwenye chati, alama ya jumlisha moja (+) ni takriban miligramu 30 za protini kwa desilita, jumlisha mbili 100, jumlisha tatu 300. Changu kiliganda kwenye jumlisha moja, tena kwa mkojo wa kwanza wa asubuhi, ambao ndio wa kuaminika zaidi.

Kinachokera ni kusoma. Kila kiraka kina sekunde zake, cha protini kwa aina yangu ni 60, na ukichelewa rangi inaendelea kubadilika. Chati ya kwenye chupa ni ndogo, na chini ya taa ya njano huwezi kutofautisha hasi na dalili hafifu. Mimi husomea dirishani. Halafu vijiti vinaharibiwa na unyevu, kwa hiyo havitakiwi kukaa bafuni. Na hivyo viraka vingine, ketoni, bilirubini na wenzake, vilinipa maswali tu. Ningelipia kwa furaha kijiti chenye viwili: protini na damu.

Lakini kasoro kubwa ni ile isiyoonekana kwa macho. Kijiti kinapima protini imekolea kiasi gani kwenye mkojo wa wakati huo tu. Siku niliyokunywa maji mengi kilisoma hasi, na figo ni zilezile. Upande wa pili, homa, mazoezi makali au maambukizi ya njia ya mkojo yanaweza kukigeuza kijani kwa muda kwa mtu ambaye figo zake hazina ugonjwa.

Daktari alikitazama kijiti changu kwa adabu, kisha akaandika vipimo vya maabara: uwiano wa albumini na kreatinini (taka ya misuli ambayo figo huitoa) kwenye mkojo, na kreatinini ya damu. Uwiano wangu ulikuwa kati ya miligramu 30 na 300 za albumini kwa gramu ya kreatinini, eneo ambalo kijiti mara nyingi hakilioni kabisa, na ndiko madhara ya kisukari na presha kwenye figo huanzia. Akataka nirudie, kwa sababu ugonjwa sugu wa figo hautajwi mpaka dalili zidumu zaidi ya miezi 3. Uliporudi vilevile, akanibadilishia dawa ya presha, nikapewa inayopunguza pia msukumo ndani ya vichujio vya figo.

Kwa hiyo nani anunue? Mwenye povu la wasiwasi na subira ya kusoma rangi, sawa. Mwenye kisukari au presha, peleka hela yako maabara, upime uwiano huo walau kila mwaka. Ukiamka macho yamevimba au viatu vimeanza kukubana jioni, achana na vijiti, nenda hospitali.

Nyota moja nimeinyima chati. Ya pili nimekinyima kikaratasi cha maelekezo: kimejaa maandishi pande zote mbili, na hakuna mstari hata mmoja unaosema kwamba hasi haimaanishi figo ni salama.