Shoka la springi la wahunzi wa Tabora: linapasua vizuri, ila kagua tundu kabla ya kulipa

Anayepasua kuni za nyumbani mkoani Tabora ana mashoka ya aina tatu ya kuchagua. Kuna mbasa, shoka la asili ambalo mkia wake umepenya kwenye kinundu cha mpini. Kuna shoka jepesi la dukani, lenye tundu la kupitishia mpini na rangi ya kung'aa. Na kuna hili tunalolipima hapa, shoka zito linalofuliwa na wahunzi kwa springi za lori. Kwa magogo ya miombo, hili la tatu ndilo la kununua. Kasoro yake ni kwamba halina kipimo kimoja: mawili yaliyolazwa kwenye turubai moja yanaweza kutofautiana kwa kila kitu, kuanzia uzito hadi ugumu wa chuma.

Mbasa tusiidharau. Kila ukigonga, mkia unazidi kujikaza ndani ya mpini, ndiyo maana haichomoki ovyo hata wakati wa kiangazi. Kwa kukata matawi na kupasua vijiti vya unene wa mkono haina mpinzani. Lakini mtundu na muba, miti inayojaa misitu ya huku, ina nyuzi zilizopishana. Ubapa mwembamba wa mbasa, na hata ule wa shoka la dukani, unazama kwenye gogo halafu unanasa pale pale. Nguvu zote zinaishia kuchomoa shoka. Kinachopasua gogo ni mashavu, yaani unene unaoongezeka kutoka kwenye makali kwenda kwenye tundu. Ukali peke yake hauwezi kuzitenganisha nyuzi hizo.

Basi ukifika kwa mhunzi tafuta shoka la kilo 2 hadi 2.5 bila mpini, lenye mashavu yanayofikia unene wa sentimita 4 hivi karibu na tundu, na makali yenye pembe ya kama digrii 30. Chini ya kilo 2 utalazimika kugonga kwa hasira. Ukizidisha kilo 3, mabega yanachoka kabla ya lundo kuonekana, na mtu aliyechoka ndiye anayejikata mguu.

Sasa tundu. Wahunzi wengi hukunja jani la springi kulizunguka chuma la duara, kisha huunganisha kwa moto na nyundo au kwa kuchomelea. Hapo ndipo shoka linapofia. Mulika ndani ya tundu kwa tochi ya simu, ufuate mstari wa kiungo toka mwanzo hadi mwisho. Ukiona ufa mwembamba mweusi, au vitobo vya uchomeleaji uliofanywa haraka, rudisha. Kisha lining'inize kwa kamba na uligonge kwa msumari mkubwa: zima hulia kwa sauti inayodumu kidogo, lenye ufa hutoa mlio mfupi uliokufa. Jambo la tatu husahauliwa hata na wazoefu. Tundu linatakiwa liwe pana zaidi upande wa juu, unakotokea mpini, kuliko upande wa chini unakoingilia. Upana huo ndio unaoishikilia kabari ya mbao. Tundu lililonyooka kama bomba halizuii mpini kuteleza, na siku moja shoka litaruka. Mwombe mhunzi alitanue hapo hapo. Ni kazi ndogo kwake.

Makali yapime kwa tupa. Ikiteleza bila kung'ata, chuma ni kigumu mno na kitamegeka kikikutana na fundo la mti. Ikila kwa urahisi sana, makali yatajikunja. Unachotaka ni tupa ing'ate kwa shida. Springi ni chuma kizuri, lakini huharibika kwa haraka ya fundi: ikizamishwa kwenye maji ikiwa nyekundu, inaweza kupasuka papo hapo au baadaye ukiwa kazini. Mhunzi anayejua kazi huzamisha kwenye oili, halafu hurudishia moto wa polepole mpaka makali yageuke rangi ya majani makavu au ya kahawia. Muulize tu alizamisha kwenye nini. Jibu lake litakuonyesha mengi.

Mpini ununue peke yake. Unaokuja na shoka mara nyingi umechongwa kwa mti mbichi, na ukifika Agosti umesinyaa na kulegea. Mkole ni mzuri, mwepesi na wenye kunepa. Hakikisha nyuzi zake zinakwenda moja kwa moja toka juu hadi chini, urefu sentimita 80 hadi 90. Pasua kichwa chake kwa msumeno hadi theluthi mbili ya kina cha tundu, kisha pigilia kabari ya mbao kavu. Ile desturi ya kuloweka shoka kwenye ndoo ya maji usiku ili likaze ni ya kupoteza. Mbao huvimba, nyuzi zake hupondwa na chuma, na zikikauka mpini unakuwa umelegea kuliko jana.

Kuhusu wakati wa kazi, mvua za Tabora huanza Novemba na kwisha Aprili. Wauzaji wa kuni hupata wateja wengi Oktoba, ambao ndio mwezi mbaya kuliko yote wa kununua: gogo bichi lililopasuliwa Oktoba litapikiwa likiwa bichi. Nunua Mei, pasua Mei na Juni, nawe utakuwa umepata miezi minne ya upepo mkavu. Nunua kwa mwenye kibali cha kuvuna, cha TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania) au cha serikali ya kijiji kufuatana na msitu ulikotoka mzigo, na risiti uitunze.

Kata magogo kwa urefu wa sentimita 35 hadi 40 kwa mafiga, au 25 kwa jiko banifu. Yaweke juu ya gogo la kupasulia linalofika chini kidogo ya goti, si juu ya ardhi, maana pigo moja likikosea makali yanakutana na jiwe. Tazama kichwa cha gogo: nyufa zinazotoka kwenye moyo wa mti ndizo njia. Gogo nene usilipige katikati. Ambua kwanza vipande vya pembeni, ukilizunguka, hadi ubaki moyo peke yake. Fundo likae upande wa chini, na ufa upite kando yake. Mkaratusi upasue ungali mbichi, maana ukikauka unakuwa mkaidi. Mwembe, ambao mji huu umejaliwa, hukauka upesi lakini hubunguliwa upesi vilevile na moshi wake unawasha macho. Uchome wa kwanza. Mnyaa usiuguse kabisa, utomvu wake ukiingia machoni unaweza kupofusha.

Shoka likinasa, usiligonge kisogo kwa nyundo. Tundu litatanuka na kile kiungo ulichokikagua kwa tochi kitaachia. Kwa magogo ya unene wa kupita sentimita 35 nunua kabari mbili za chuma na nyundo ya kilo 4. Kabari moja haitoshi, kwani ikinasa unahitaji ya pili kuitoa. Kichwa cha kabari kikianza kuchanua na kuning'inia vipande, kisage kwa tupa kabla vipande hivyo havijaruka machoni.

Kupanga ni kazi nyepesi ila ina adui mmoja, mchwa. Inua safu ya kwanza sentimita 20 kutoka ardhini kwa matofali au mawe, na kila wiki chungulia chini kutafuta vijia vya udongo. Majivu peke yake hayawazuii kwa muda mrefu. Magome yaambue yakikubali, maana chini yake ndimo wanamozaliana wadudu wanaobungua mti. Acha nafasi ya upana wa kiganja kati ya lundo na ukuta, na uso mrefu wa lundo uelekee mashariki, kwani pepo za kiangazi huvuma kutoka huko. Ncha za lundo pishanisha vipande ili lisimame bila nguzo. Mvua zikikaribia funika juu tu kwa bati lililozidi pembeni. Turubai lililoshuka hadi chini huotesha ukungu.

Kujua kama zimekauka, chukua kipande kimoja siku ya kupasua, kiwekee alama na ukipime dukani kwenye mizani. Kipande kibichi cha kilo 1 kikikauka vizuri hubaki gramu 700 hivi. Uzito ukikaa pale pale kwa wiki mbili mfululizo, kazi imekwisha. Kugonganisha vipande viwili nako husaidia, lakini muba ni mzito na unaweza kulia kama mkavu huku moyo wake ungali na maji, kwa hiyo mizani ndiyo ya kuaminika.

Makali ya shoka hili hayahitaji wembe. Tupa kidogo kila baada ya lundo moja inatosha. Usilipeleke kwenye grenda. Makali yakigeuka bluu yamekwisha kulainika, na hapo hakuna tupa itakayoyarudisha, ni mhunzi peke yake, kwa moto na oili upya.