Wu Zi Yan Zong Wan: dawa ya mbegu tano kwa mwanaume anayetafuta mtoto

Jina la dawa hii ya Kichina maana yake ni vidonge vya mbegu tano vya kuendeleza ukoo. Viwanda vinavyoitengeneza ni vingi. Maarufu zaidi ni Tongrentang ya Beijing, iliyoanzishwa mwaka 1669.

Uzuri wake, mchanganyiko haufichwi: goji (matunda madogo mekundu) gramu 400, tu si zi (mbegu za mmea wa Cuscuta) 400, fu pen zi (jamii ya rasiberi) 200, che qian zi (mbegu za mmea wa Plantago) 100, wu wei zi (matunda ya schisandra) 50. Anayechemsha nyumbani afuate uwiano huohuo, na che qian zi aifunge kwenye kitambaa, la sivyo huvimba, hutoa utelezi na kuungua chini ya chungu. Wu wei zi ipondwe kwanza. Sufuria ya chuma isitumike.

La dukani ni donge la asali la gramu 9, moja asubuhi, moja jioni. Litafune, usilimeze zima. Asali ni nyingi, hivyo mwenye kisukari awe mwangalifu.

Wengi huharibu kwa kuacha baada ya wiki mbili. Mbegu ya kiume huchukua takribani siku 74 kutengenezeka, kwa hiyo chini ya siku 90 hujajaribu kitu. Boksi la madonge 10 huisha kwa siku 5. Basi piga hesabu ya maboksi 18 kabla hujalipia la kwanza.

Je, inasaidia? Majaribio ya China mengi ni madogo, kwa hiyo tunaipa nafasi ya msaidizi tu, kwa mwenye mbegu chache au zisizo na mwendo. Kama mbegu hazipo kabisa kwa sababu mirija imeziba, hakuna donge litakaloizibua. Anza na kipimo cha shahawa, baada ya siku 2 hadi 7 bila kumwaga; kiwango cha chini cha WHO, Shirika la Afya Duniani (2021), ni mbegu milioni 16 kwa mililita. Kirudie baada ya siku 90, maabara ileile. Mke naye apimwe sasa, asisubiri dawa ya mumewe iishe, hasa akiwa amevuka miaka 35.

Anayetumia warfarin (dawa ya kuzuia damu kuganda) asiiguse: goji huongeza nguvu ya dawa hiyo, na damu inaweza kuvuja. Na ukiuziwa "mbegu tano" inayosimamisha uume ndani ya saa moja, itupe. Goji haifanyi hivyo. Huenda imetiwa sildenafil (dawa iliyomo kwenye Viagra), na kwa mgonjwa wa moyo anayetumia dawa za naitreti, mchanganyiko huo unaweza kuua.