Kibanda cha kuhamishia kanda, Mtwara mjini: nimempata mama yangu tena

Nashona Chikongola, cherehani cha kukanyaga, kuanzia saa mbili asubuhi mpaka mwanga unapokata. Kazi hii inataka macho na miguu. Masikio yako huru siku nzima, ndiyo maana redio yangu haizimwi. Kwangu sauti nzuri ni ile inayopita kwenye kelele za cherehani na maneno yakanifikia yakiwa mazima. Nyimbo nyingi zinashindwa hapo. Nikikoleza mguu inabaki ngoma tu, muimbaji simsikii.

Kibanda ninachokisifia kiko jirani na soko kuu, kwenye safu ya mafundi simu. Bango hakina. Utakijua kwa deki mbili za kanda zilizopandana mezani na kompyuta iliyofunguliwa ubavu ili ipate upepo. Kijana wa pale anafanya kazi mbili: anaingiza nyimbo kwenye flashi au memori kadi, na anahamisha sauti za kanda za zamani ziwe mafaili ya kompyuta.

Nilianza kwa nyimbo. Nilimwambia nataka muziki wa zamani, akaniuliza, "Mama, unataka bendi au unataka sauti?" Sikumwelewa. Akanivalisha hedifoni akanipigia bendi ya Mlimani Park, enzi za Muhidin Gurumo na Hassan Bitchuka. Wawili hao nimewasikia tangu utotoni, lakini siku zote kwenye redio ya betri, sauti zao zimeshikana. Pale ndipo nilipowasikia mmoja mmoja. Gurumo anatamka kama mzee anayetoa shauri barazani, hana haraka, neno likishatua limetua. Bitchuka anamjia kwa juu, sauti nyembamba inayolia bila kupasuka, na hata akipanda namna gani bado unasikia anachosema. Nilipofika nyumbani nikawajaribu kwenye cherehani. Wanapita wote! Mngurumo wa mashine uko katikati, mmoja anapita chini yake na mwingine juu yake. Nimeshona sare tano za shule nikiwasikiliza hao hao.

Bi Kidude naye anapita, tena kirahisi. Wapo wanaosema sauti yake ilikuwa mbovu kwa sababu inakwaruza. Mimi nawaambia wakumbuke yule mama alikuwa kungwi na mpiga ngoma za unyago. Sisi wa huku, ambako mabinti bado wanachezwa, tunaijua sauti ya namna ile. Ni ya mwanamke aliyezoea kuimba uwanjani, ngoma iko kiunoni, maikrofoni hakuna, na binti aliyekaa ndani lazima asikie kila neno kwa sababu ndilo fundisho lenyewe. Alifariki mwaka 2013, na sijamsikia mwingine aliyejaa vile.

Shakila, yule wa taarab, hapiti. Ana sauti laini, anaitoa kidogo kidogo kama mtu anayekuambia jambo mkiwa wawili tu. Nikitaka kumsikiliza nasimamisha mguu, nachukua sindano, napiga pindo kwa mkono. Magauni yangu yenye pindo safi kuliko yote yameshonwa na Shakila akiimba, wateja hawajui.

Kijana ana sauti za wasemaji pia, na hilo sikulitegemea. Nilichukua hotuba kadhaa za Mwalimu Nyerere. Watu hudhani kiongozi lazima awe na sauti nzito, na Mwalimu hakuwa nayo. Yake ilikuwa nyembamba, lakini alijua kunyamaza. Anasema neno, anakaa kimya, analirudia, kisha kicheko kinamtoka na wewe unacheka ukiwa peke yako chumbani. Marehemu Charles Hilary nilimpenda kwa sababu nyingine. Alipokuwa akitangaza mpira Redio Tanzania, na hata baadaye alipokuwa BBC, hakumeza silabi. Baba yangu alikuwa haoni vizuri, na kwa mdomo wa Charles aliuona mpira wote.

Bei ni shilingi 100 kwa wimbo. Kasoro zipo. Baadhi ya nyimbo zimetoka kwa watu wengine, na katikati ya ubeti anaingia DJ anapiga kelele za jina lake. Nilirudisha nne za hivyo, akanibadilishia bila malipo, kwa hiyo sikiliza kabla hujaondoka. Flashi usinunue pale, yangu ilikufa baada ya wiki mbili. Nenda na yako.

Sasa kanda. Mwaka 1996 dada yangu aliolewa Mikindani, na mtu mmoja aliweka redio kaseti uani wanawake wakiimba. Mama ndiye aliyekuwa anaongoza. Amefariki 2009, na sauti yake ninayoijua imebaki kwenye ile kanda. Miaka iliyopita niliipeleka kwa fundi wa mji mwingine, deki yake ikaitafuna kipande cha urefu wa vidole viwili. Tangu hapo niliificha kabatini, nikiogopa hata kuigusa.

Huyu kijana aliipokea kwa mikono miwili. Hakuitia kwenye deki. Aliifungua skrubu tano, akatoa kile kipande cha sponji kinachobana utepe, kilikuwa kimeoza kimekuwa unga, akaweka kingine kutoka kanda mbovu. Pale palipotafunwa alipanyoosha kwa ukucha juu ya kioo, akaunga kwa gundi ya karatasi nyembamba kuliko nywele, halafu akaizungusha yote kwa kalamu. Robo saa nzima hakusema neno.

Ikaanza kupiga. Sauti iliyotoka ilikuwa nzito, inajikokota. Nikamwambia, "Mwanangu, huyu si mama." Hakunibishia. Alitoa kanda yangu, akaweka ya Mbaraka Mwinshehe anayoijua vizuri, akasikiliza kidogo. "Ni deki, mama. Mpira umelegea, inazunguka polepole. Ikienda polepole sauti nayo inashuka." Akafunga kibanda, akaenda kutafuta mpira kwa wenzake, akarudi jasho linamtoka.

Safari hii mama alikuwa mwenyewe. Sauti nyembamba, inatetemeka kidogo mwisho wa neno, na kabla ya kila mstari anavuta pumzi kwa puani, kasauti kadogo nilikokasikia utoto wangu wote akiwa anatwanga au anachambua mchele. Hilo nilikuwa nimelisahau kabisa. Nyimbo zake nazikumbuka zote, ila ile pumzi ilikuwa imenitoka.

Analipisha 5,000 kwa kanda. Usimharakishe, maana kanda ya dakika sitini inahamishwa kwa dakika sitini, lazima ipigwe yote, na yeye hukaa anasikiliza mpaka mwisho. Alinipa mafaili mawili, moja kama lilivyo na jingine limepunguzwa mchakacho. Chukua yote mawili. Lililosafishwa lina utulivu, lakini ile pumzi ya mama imefutika humo.

Upande wa pili, kabla wimbo haujaanza, mama anasikika akisema, "Mtoeni huyo mtoto, anakanyaga waya." Mtoto huyo ni mwanangu wa kwanza, siku hizi yuko Newala. Nilimtumia kwa WhatsApp jioni ile ile. Alipiga simu, akakaa kimya muda mrefu, kisha akaniuliza kama kuna kanda nyingine. Zimebaki mbili kabatini. Nazipeleka Jumamosi.