TAHADHARI: "Darjeeling" ya bei ya kutupa na iliki iliyokamuliwa

Wachanganyaji wenzangu wa majani ya chai na viungo, kama kuna mtu amekuomba utume hela ya "oda ya pamoja kutoka India", subiri kidogo usome hapa.

Kuna muuzaji anazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp na Instagram akijiita wakala wa mashamba ya chai. Leo yuko Kolkata, kesho yuko Kochi. Jina la ukurasa wake silitaji kwa sababu kila akichafuka analibadilisha, ila mchezo ni uleule. Anakuletea sampuli ya bure, na sampuli hiyo ni safi kweli, haina kasoro. Ukinogewa, anataka nusu ya hela ya kilo 20, nusu nyingine mzigo ukifika. Ukifika Dar inazuka hela ya "kibali cha TBS", halafu ya "ghala". Mpaka unakabidhiwa gunia umeshamaliza kulipa, na kilichomo sicho ulichoonja.

Wenzetu kadhaa wameniletea mizigo hiyo niwachanganyie, kwa hiyo nasema nilichokishika mkononi.

Tuanze na majani. Pakiti imeandikwa Darjeeling (chai ghali ya milimani, kaskazini mashariki mwa India), mchumo wa kwanza, "umetoka shambani wiki hii", na tangazo lilitoka Januari. Januari! Mashamba ya Darjeeling yako kwenye miteremko ya Himalaya, michai ya huko hulala wakati wa baridi, na machipukizi ya kwanza huchumwa kuanzia mwishoni mwa Februari hadi Aprili. Mchumo wa pili, ule wenye harufu inayokaribia zabibu, ni wa Mei na Juni. Anayekuuzia mchumo mpya Januari ama anamaliza stoku ya mwaka jana ama Darjeeling hajawahi kuiona hata kwenye ramani.

Nikafungua. Punjepunje nyeusi, zilezile za pakiti za dukani. Hiyo ni CTC: mashine inaliponda jani, inalichana na kuliviringa ili litoe rangi haraka na lihimili maziwa. Mashine hiyo ilianzia Assam, jimbo la India lenye chai nyingi, miaka ya 1930, na leo hata chai ya Mufindi na Kericho nyingi hutengenezwa hivyo. Darjeeling karibu yote ni jani lililosokotwa, si punje. Ile ya mchumo wa kwanza utaiona ina vipande vya kijani ndani yake, na kwenye maji ya moto inatoa rangi ya dhahabu hafifu. Ukiitia maziwa umeiua. Hii yake iliyapokea maziwa vizuri sana! Kusema kweli ilikuwa chai nzuri tu, nadhani ni ya hukuhuku kwetu, na kwa bei ya huku kwetu nisingekuwa na neno.

Hesabu nayo inakataa. Darjeeling nzima ina mashamba 87 yanayotambuliwa, na mavuno yake ya mwaka siku hizi ni kama kilo milioni 6. Assam CTC ya kawaida kwenye mnada wa Guwahati huenda kwa rupia 200 na ushei kwa kilo, wakati mchumo wa kwanza wa Darjeeling wa maana huhesabiwa kwa maelfu. Mtu huyu anauza zote mbili kwa bei moja.

Nembo isikulevye. Ile ya Bodi ya Chai ya India, mwanamke anayeonekana upande mmoja wa uso ameshika majani mawili na chipukizi, ipo kwenye pakiti zake na imechapwa vizuri kuliko hata ya halali. Mdai cheti cha asili ambacho Bodi hiyo hutoa kwa shehena ya Darjeeling inayokwenda nje. Halafu hesabu namba ya leseni ya FSSAI, mamlaka ya chakula ya India: lazima iwe na tarakimu 14, na unaweza kuihakiki mwenyewe kwenye tovuti yao. Ya kwake ilikuwa na 12.

Kwenye viungo ndiko alikochakachua hasa. Iliki "ya Kerala" ina kijani cha kutisha, ukiisugua kwa kidole chenye maji kidole kinabaki na rangi. Pasua ganda: mbegu ni za kahawia, kavu, nyepesi, ukizitafuna ni kama unatafuna nyasi. Iliki nzuri ya Idukki, hukohuko Kerala, ina mbegu nyeusi zinazonata, na moja tu inaujaza mdomo mzima. Hii imeshakamuliwa mafuta, ikapakwa rangi, ikarudishwa sokoni. Mdalasini wake ni magome manene ya kasia, ndugu wa mdalasini wa bei ya chini, ambayo kwa chai ya masala hayana ubaya, ila yeye anayauza kwa bei ya mdalasini wa Sri Lanka.

Karafuu ndizo zilizonichekesha. "Karafuu halisi za India", anamuuzia mtu mwenye shangazi Pemba! India yenyewe hununua karafuu za Zanzibar. Nikazitumbukiza kwenye glasi ya maji, zikaelea zote. Karafuu yenye mafuta yake huzama.

Masala iliyokwisha kusagwa usiiguse kabisa, maana humo hakuna utakachokiona. Nunua kizima, usage mwenyewe. Na majani yatandaze kidogo kwenye tishu iliyolowa, uyaache kwa muda, kisha uyaondoe: yaliyotiwa rangi huacha madoa makali. Vipimo vyote hivi fanya kwenye gunia, tena chota katikati na chini, kwa sababu juu huwa anaweka mazuri kidogo.

Kama umeshatuma hela, usifute meseji wala risiti za muamala, piga simu kwa mtandao wako wa simu leo hii kabla hajazitoa, na namba aliyokutapeli nayo itume kwenda 15040. Ile ya "kibali cha TBS" usiilipe hata shilingi.