Jaguar E-Type iliyokarabatiwa: ya 3.8 au ya 4.2?

Kwa nje, E-Type hizi mbili za toleo la kwanza, magari ya michezo ya Uingereza yenye injini za lita 3.8 na 4.2, ni kama pacha. Tofauti iko ndani, na kwenye bei.

Ya lita 3.8 ilizinduliwa Geneva Machi 1961. Wakusanyaji hugombania hasa zile za mwanzo kabisa, zenye sakafu bapa na boneti inayofunguliwa kutoka nje, na huzilipia vizuri. Kuziendesha ni shughuli nyingine. Gia boksi ya Moss haina sinkro (kifaa kinacholinganisha mwendo wa gia kabla hazijashikana) kwenye gia ya kwanza, kwa hiyo ukiiharakisha itasaga meno. Breki zinataka mguu mzito. Viti ni vizuri kutazama kuliko kukalia, na dereva mrefu ataisikia safari magotini.

Ya 4.2 ilifuata Oktoba 1964. Nguvu iliyotangazwa ni ileile, farasi 265, ila inavuta vizuri zaidi injini ikiwa bado kwenye mzunguko wa chini. Gia zote zina sinkro, breki na viti vimeboreshwa, dinamo imeipisha alternata. Kama unataka gari la barabarani, si pambo la gereji, mimi ningechukua hii bila kusita.

Yoyote utakayochagua, usidanganywe na rangi mpya: puti huficha kutu nyingi. Inua gari, kagua sakafu na vizingiti vya milango, kisha linganisha namba ya injini na cheti cha Jaguar Daimler Heritage Trust, taasisi inayotunza kumbukumbu za magari ya Jaguar. Injini isiyo ya asili hushusha thamani.