Xen 4.17 kwenye Raspberry Pi 4: inavyoupokea mti wa vifaa wenye kasoro

Xen ni haipavaiza, yaani programu inayoendesha mashine pepe kadhaa juu ya kompyuta moja, ya programu huria iliyoanzia Chuo Kikuu cha Cambridge, ikatolewa hadharani mwaka 2003, na tangu mwaka 2013 imekuwa chini ya Linux Foundation. Tathmini hii haihusu kasi yake wala idadi ya mashine pepe inazoweza kubeba, kwa kuwa hayo yameandikwa sana. Nilitaka kupima jambo moja ambalo mtu halioni mpaka limpate: Xen hufanya nini katika sekunde zake za kwanza, inapokabidhiwa maelezo ya vifaa yaliyokosewa. Nimetumia toleo la 4.17, lililotoka Desemba 2022, kwenye Raspberry Pi 4, bodi ambayo Xen ilianza kuitambua rasmi katika toleo la 4.14 la mwaka 2020.

Kwa asiyezoea bodi za ARM, ni vizuri aelewe kwanza mti wa vifaa ni nini. Kwenye bodi nyingi za aina hii, programu inayoamka haina njia ya kuuliza kumbukumbu iko wapi, kidhibiti cha ukatizaji kiko anwani gani, au bandari ya seria ni ipi. Mambo hayo yote huandikwa kabla katika faili moja ya maelezo, ambayo hukompailiwa kuwa bunda la baiti linaloanza na alama 0xd00dfeed, na kipakiaji cha kuwashia, kwangu mimi U-Boot, huliweka kwenye kumbukumbu na kuipa Xen anwani yake. Xen huliamini bunda hilo kwa sababu haina chanzo kingine cha kuuliza. Ndiyo maana namna inavyolikagua ni sehemu ya ubora wake, sawa na usalama wake au kasi yake.

Nianze na lile ambalo waandishi wa Xen wamelifanya vizuri. Miongoni mwa mambo ya kwanza ambayo msimbo wake wa C hufanya ni kuupata mti huo na kukagua kichwa chake. Ikiwa alama ya mwanzo si yenyewe, au anwani haigawanyiki kwa 8, au bunda limezidi megabaiti 2, Xen husimama papo hapo. Ujumbe inaoutoa ni miongoni mwa jumbe bora za hitilafu nilizowahi kusoma katika programu ya ngazi hii: unataja anwani iliyopokelewa, unataja masharti mawili yaliyopaswa kutimizwa, kisha unakushauri ukamtazame mhusika halisi, yaani kipakiaji cha kuwashia. Mtu anayeusoma anajua aende wapi bila kufungua msimbo.

Hatua inayofuata ni kupitia mti mzima kwa haraka ili kukusanya vitu vinne: kumbukumbu iliyopo, sehemu za kumbukumbu zilizotengwa, moduli zilizopakiwa, na maagizo yaliyo katika nodi (tawi la mti) iitwayo chosen. Hapa ndipo falsafa ya Xen inapoonekana. Matoleo ya zamani yaliupitia mti na kulipuuza jibu la kushindwa, kwa hiyo nodi mbovu ingeweza kurukwa na safari ikaendelea, kisha mtumiaji akaja kuanguka mbele zaidi mahali pasipohusiana kabisa na kosa lenyewe. Toleo nililolipima halifanyi hivyo. Likikuta nodi ambayo idadi ya seli (namba za baiti 4) za anwani au za ukubwa haina maana, husema kwamba idadi hiyo si halali, halafu husimama na kuandika "Early FDT parsing failed" pamoja na namba ya kosa, ambayo kwa kasoro ya namna hii ni -22. Nakubaliana kabisa na uamuzi huo. Kifaa kimoja kikikosekana, mfumo unaweza kuchechemea bila hicho, lakini haipavaiza isiyojua mipaka ya kumbukumbu inaweza kuipa mashine pepe eneo ambalo programu dhibiti ya bodi bado inalitumia, na uharibifu wa aina hiyo hauonekani siku ile ile.

Tatizo ni kwamba maneno haya mazuri husemwa kabla mdomo haujafunguliwa. Konsoli ya Xen huwashwa baada ya kichwa cha mti kukaguliwa, baada ya nodi kupitiwa, hata baada ya kipima muda na kidhibiti cha ukatizaji kutafutwa. Ujumbe kwamba hakuna kidhibiti cha ukatizaji kinachofaa ndani ya mti nao hutolewa kabla ya bandari ya seria kuanza kazi. Xen ya kawaida ikipata kosa lolote kati ya haya, mtumiaji ataona mstari wa mwisho wa U-Boot, kisha kimya. Hatajua kama Xen imekufa, imekwama, au haikuanza kabisa.

Dawa ipo, nayo ni uchapishaji wa mapema, ambao huwashwa wakati wa kukompaili. Kwa Raspberry Pi 4 nilichagua aina ya UART (saketi inayoendesha bandari ya seria) 8250, anwani 0xfe215040, na mhamisho wa rejista 2, nikaunganisha waya wa seria kwenye pini za GPIO 14 na 15 kwa kasi ya 115200. Baada ya hapo bodi ikaanza kuzungumza hata kabla ya msimbo wa C: ikaniambia UART imewashwa, prosesa ya kwanza inaamka, ngazi ya sasa ni 8, maana yake EL2, ngazi ya prosesa iliyotengewa haipavaiza, ambayo ndiyo Xen inayoitaka, halafu kurasa za kumbukumbu zinawashwa, halafu tayari. Ni mistari michache mno, lakini kwa mtu aliyekaa jioni nzima akitazama kioo cheusi ni kama kusikia hodi mlangoni. Kasoro ya dawa hii ni kwamba anwani ya UART hufungwa ndani ya faili lililokompailiwa, kwa hiyo faili la bodi moja halifai kwa nyingine, na anayetumia Xen iliyopakiwa kwa ajili ya bodi nyingi hawezi kutarajia kuikuta humo. Ningependa kuona njia ya kusoma anwani hiyo kutoka katika nodi ya chosen kwa jaribio la haraka, hata kama jaribio hilo litashindwa mara nyingine.

Sasa nije kwenye kosa lililonifanya niandike tathmini hii. Lilikuwa kosa langu mwenyewe, la seli moja. Nilitaka kutenga megabaiti 1 ya kumbukumbu kuanzia anwani 0x20000000, yaani kwenye megabaiti ya 512, ili taarifa za kuanguka kwa kiini cha Linux zibaki salama bodi inapowashwa upya. Ndani ya nodi ya reserved-memory niliandika hivi, reg ikiwa ni sifa inayotaja anwani na ukubwa wa eneo:

reg = <0x0 0x20000000 0x0 0x100000>;

Seli mbili za anwani, seli mbili za ukubwa, kama nilivyozoea kwenye bodi nyingine. Lakini mti wa Raspberry Pi 4 hutumia seli mbili kwa anwani na seli moja tu kwa ukubwa. Xen ilifanya hesabu yake: baiti 16 nilizoandika, zigawanywe kwa baiti 12 za ingizo moja, jibu ni 1 na salio hutupwa. Ikasoma seli mbili za kwanza kama anwani, na hiyo ikawa sahihi, kisha ikasoma seli ya tatu kama ukubwa. Seli ya tatu ni sifuri. Na Xen ina kanuni kwamba eneo lenye ukubwa wa sifuri hurukwa bila neno lolote.

Kanuni hiyo yenyewe ina sababu nzuri, kwa sababu miti halali huwa na maeneo matupu. Hata faili la Raspberry Pi 4 lililo katika msimbo wa Linux lina nodi ya kumbukumbu yenye sifuri tupu, pamoja na maelezo kwamba kipakiaji ndicho kitakachoijaza. Xen ingesimama kwa kila sifuri, bodi nyingi zisingewaka. Lakini sifuri ya kukusudia na sifuri iliyotokana na salio lililotupwa ni vitu viwili tofauti, na kuvitofautisha kunahitaji sharti la mstari mmoja: je, urefu wa sifa hiyo unagawanyika kamili kwa ukubwa wa ingizo? Linux huliuliza swali hilo. Nilipoiwasha bodi ile ile bila Xen, kiini kilinitajia nodi yangu kwa jina, kikasema sifa yake ya reg si halali na kwamba kimeiruka. Xen 4.17 haikuuliza. Ikawaka vizuri, dom0, yaani mashine pepe ya kwanza inayosimamia nyingine, ikaanza, na eneo nililodhani nimelitenga likawa kumbukumbu ya kawaida kama nyingine.

Nililigundua kwa orodha ambayo Xen huichapa baada ya kuupitia mti, yenye mistari ya RAM, MODULE na RESVD (maeneo yaliyotengwa). Orodha hiyo naisifu bila kusita. Kila eneo linaonyeshwa na mwanzo na mwisho wake, na ikiwa mfumo umefanikiwa kuwaka, unaweza kuisoma baadaye kwa amri ya xl dmesg hata bila waya wa seria. Hapo nilitafuta 20000000 kwenye mistari ya RESVD, sikuiona. Nikarudi kwenye dtc, kompaila ya mti wa vifaa, na kumbe ilikuwa imeniambia tangu mwanzo kwamba sifa ina baiti 16 ilhali seli ni 2 na 1. Lilikuwa onyo tu, faili likatoka, nami nikalipita kwa siku mbili. Sikio la kufa halisikii dawa.

Makosa ya baadaye sina la kuyalalamikia. Nilipoharibu kwa makusudi jina la moduli ya kiini cha dom0 ndani ya chosen, konsoli ilikuwa tayari hai, na Xen ikasema wazi kwamba moduli ya kiini haipo, kisha ikasimama kwa kuwa haiwezi kuunda dom0. Nilipoipa jina la bandari ya seria ambalo halimo kwenye mti, tulirudi kwenye kimya kile kile, jambo linaloeleweka, maana konsoli haiwezi kutangaza kwamba haikupatikana.

Kwa anayetaka kujenga mfumo wa kazi juu ya Xen kwenye bodi ya ARM, ninaipendekeza, mradi anunue waya wa seria kabla ya kitu kingine chochote, akompaili nakala moja yenye uchapishaji wa mapema kwa ajili ya majaribio tu, na asikubali faili la mti lililotoka kwa dtc likiwa na onyo hata moja la reg. Kwa anayetaka kuiweka kadi ya SD na kuendelea na shughuli zake, bodi itamnyamazia siku ya kwanza atakapokosea. Mimi nimebaki nayo. Niliondoa seli ile ya tatu, nikawasha upya, na mstari wa RESVD wa 20000000 ukajitokeza mahali pake.